Kabla hujakikataa kiti hicho

Portland, Oregon
Jumapili usiku

Mpendwa Mama Baraka,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye mvua. Sisi ni wazima. Baba Neema bado ana zamu za usiku, mguu wa Nyanya umeanza kupata nafuu, na ule mzigo wa Mwalimu niliufikisha kwa mkono wangu mwenyewe, mwambie asiwe na wasiwasi. Nisamehe kimya cha tangu Pasaka. Nilikuwa nangoja nipate utulivu wa kukuandikia vizuri, lakini ujumbe wako wa sauti wa juzi umeninyima usingizi.

Umesema wamekuomba uingie kwenye kamati ya wakazi wa jiji la Nakuru, na kwamba utakataa, maana umechoka kuitwa kwenye mazungumzo ya mahari siku ambayo mbuzi wameshafika zizini. Nilicheka, kisha nikanyamaza. Mimi na wewe tulikaa pamoja kwenye ule ukumbi, tukaandika majina na namba za simu, tukapewa soda na nauli, na kumbe karatasi ya uamuzi ilikuwa imeshapigwa muhuri. Siwezi kukwambia hayakutokea. Ninachokuomba ni usikatae kabla hujawauliza swali moja. Nitafika kwenye swali hilo.

Unakumbuka Desemba 2021, Rais Uhuru Kenyatta alipoikabidhi Nakuru hati ya jiji, ulinitumia picha za watu wanacheza barabarani. Kwetu hati ni cheo: tulikuwa manispaa, sasa ni jiji la nne Kenya. Huku neno lenyewe lina kazi nyingine. Hati ya jiji ni katiba yake: inasema madiwani ni wangapi, wanachaguliwaje, nani anasimamia maji na nani lami. Na katiba ya Portland ilikuwa imezeeka. Tangu 1913 jiji liliongozwa na meya na makamishna wanne tu, wote wakichaguliwa na jiji zima, na kila mmoja anapewa idara zake kama mashamba: huyu maji, yule zimamoto, yule barabara. Ukiwa na shida ya barabara inayogusa maji, unatembea kati ya ofisi mbili ambazo wakuu wake huenda hawapatani.

Sisi tunaokaa mashariki, ng'ambo ya barabara kuu ya 205, tulikuwa mbali na hayo mashamba yote. Sehemu kubwa ya huku iliunganishwa na jiji miaka ya 1980 na 1990, na wengi wetu wageni tumeishia huku kwa sababu kodi ya nyumba ilikuwa nafuu. Kuna mitaa isiyo na lami mpaka leo, Mama Baraka, Marekani hii. Neema alikuwa akienda kungoja basi anatembea ukingoni mwa barabara, magari yanamrushia maji, kwa kuwa hapakuwa na njia ya miguu. Madiwani kutoka upande wetu wamekuwa wa kuhesabu. Anayegombea jiji zima anahitaji fedha nyingi, na fedha haziishi huku.

Sasa sikiliza. Mwaka 2007 wapiga kura walikataa kubadilisha mfumo huo, lakini siku hiyohiyo walikubali jambo dogo ambalo wengi hata hawakulitilia maanani: kwamba angalau kila miaka 10 iundwe tume ya wakazi 20 waipitie katiba ya jiji. Wanaowateua ni meya na madiwani, ndiyo, na hapo ungeguna. Ila kuna kifungu kimoja. Wajumbe 15 au zaidi wakikubaliana juu ya pendekezo, linakwenda moja kwa moja kwa wapiga kura. Baraza haliwezi kulizuia wala kulipunguza. Wakiwa 11 mpaka 14, linabaki kuwa ushauri, na madiwani wanaweza kuliweka kabatini.

Hicho kifungu ndicho kilichonifanya niandike usiku huu.

Tume ilianza mwishoni mwa 2020, wakati wa korona, watu wakikutana kwa Zoom. Mimi nilikuwa sijaapa uraia bado, nikadhani hayanihusu. Dada mmoja wa kanisani, Mkongo, akaniambia kupiga kura sitaweza, lakini kusema naweza. Basi mwaka 2022 nikajiandikisha, nikapewa dakika zangu chache, nikaeleza habari ya Neema na ile barabara. Nilitetemeka. Hakuna aliyenijibu siku ile, ila waliandika, na hawakuandika maneno yangu pekee, maana watu wa mashariki walikuwa wanasema lilelile kila kikao.

Juni 2022 tume ikalipigia kura pendekezo la kuubadilisha mfumo ule wa zamani: 17 kwa 3. Lilivuka kizingiti cha 15. Kuna waliokwenda mahakamani kusema mambo mengi yamefungwa kwenye mzigo mmoja, jaji akawakatalia. Novemba wananchi wakalipitisha, asilimia 58 hivi. Baraza likawa la watu 12, wadi nne, kila wadi watatu, na sisi wa mashariki tukawa Wadi ya 1. Meya hana tena mashamba ya kugawa. Idara zote ziko chini ya msimamizi mmoja aliyeajiriwa, karibu na yule meneja wenu wa jiji. Na kwenye karatasi ya kura unawapanga wagombea kwa namba mpaka sita. Ukipata zaidi ya robo ya kura za wadi, umeingia.

Novemba 2024 nilikuwa raia. Tulikaa na Baba Neema kwenye meza hii, karatasi zimeletwa na posta, tukasoma majina mpaka usiku. Karibu watu 100 waligombea udiwani! Niliandika 1, 2, 3 polepole, nikalia kidogo, ndiyo nakwambia ukweli.

Sitaki nikupambie. Wadi yetu ndiyo iliyokuwa na wapiga kura wachache kuliko zote, na hilo linaniuma mpaka leo. Wengine walichoshwa na majina, wengine hakuna aliyewaeleza kwa lugha yao. Na lile baraza jipya lilipokutana Januari 2025 kumchagua rais wake, likakwama sita kwa sita, raundi baada ya raundi. Njia ya miguu mtaani kwetu bado. Lakini sasa nina madiwani watatu ninaoweza kuwaandikia, na mmoja wao, Candace Avalos, alikaa kwenye tume ileile.

Kwa hiyo swali la kuwauliza ni hili: tukishaafikiana, karatasi yetu inakwenda wapi, na nani ana uwezo wa kuizuia? Wakikujibu kwa maneno laini tu, kataa, nami nitakuunga mkono. Wakikuonyesha kifungu, kaa. Najua sheria yenu ya miji ya 2011 inataja mikutano ya wakazi, wewe mwenyewe ndiye uliyenisomea. Mbuzi wako wanaweza kuwa bado wako njiani.

Niambie basi. Mko wangapi, na nani amewachagua? Mama mboga wa soko la chini wamo, au ni walewale wa suti? Mnakutana saa ngapi, maana mkutano wa saa nne asubuhi ni wa wasio na kazi? Kuna anayeandika kumbukumbu, na wewe unaruhusiwa kupata nakala? Mwalimu anasemaje? Na Baraka, matokeo yake yametoka?

Nijibu hata kwa sauti, usiku wowote.

Wako,
Mama Neema