Picha za sakafu ya bahari zitangulie maamuzi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linaloonekana kuwa mbali na sisi watu wa Pemba, nalo ni upigaji picha wa sakafu ya bahari ya Antaktika.

Februari 2021, meli ya utafiti ya Ujerumani iitwayo Polarstern ilikuwa ikikokota kamera kwa waya katika Bahari ya Weddell, mita chache tu juu ya sakafu, kwenye kina cha kati ya mita 420 na 535, ambako mwanga wa jua haufiki na taa hulazimika kushushwa pamoja na kamera. Picha zilionyesha viota vya samaki vilivyopakana kwa masafa marefu, kila kimoja kikiwa shimo la mviringo lenye upana wa sentimita 75 hivi, na vilivyo vingi vikiwa na samaki mmoja anayelinda mayai. Samaki huyo, Neopagetopsis ionah, ni wa jamii ya samaki wa barafu ambao damu yao haina wekundu.

Habari zilizosambaa zilitaja viota milioni 60 kana kwamba vilihesabiwa. Vilivyohesabiwa kwenye picha ni 16,160. Hizo milioni 60 ni makadirio, yaliyopatikana kwa kuchukua wingi wa viota katika kila mita ya mraba na kuutandaza juu ya eneo la kilomita za mraba 240 hivi. Makadirio hayo yasingewezekana lau kamera isingekuwa na nukta za mwanga wa leza zinazoangukia sakafu kama rula, zenye umbali unaojulikana baina yake, kwani picha isiyo na kipimo hupendeza macho tu.

Lililonigusa zaidi ni kwamba wavu wa kukokota ungewapandisha samaki hao melini, lakini kiota hakipandi na wavu. Wavu ungetuambia kuwa samaki wapo, na papo hapo ungefuta ushahidi kwamba pale ni mazalia yao.

Hapa kwetu, katika Hifadhi ya Mkondo wa Pemba, wapiga mbizi wenye mitungi ya hewa wanayaona vizuri matumbawe ya kisiwa cha Misali. Chini ya pale wanapofika wao, mteremko unaendelea mamia ya mita, na huko ndiko mshipi wa mvuvi unakofika bila jicho lake kufika. Tunapojadili eneo lipi lifungwe na lipi liachwe wazi, tusiishie kwenye kina cha mpiga mbizi.

Napendekeza taasisi zetu za utafiti na idara inayohusika na uvuvi zipange mistari michache ya kupigwa picha kwenye miteremko hiyo, ichaguliwe pamoja na wavuvi wanaoijua miamba kwa alama za nchi kavu, kisha mistari ile ile irudiwe baada ya miaka kadhaa. Picha haitaonyesha kiumbe kilichojifukia mchangani, na samaki wengine watakimbia taa, hivyo maelezo ya wavuvi yaandikwe kando ya picha kama sehemu ya ushahidi. Aidha, kamati za uvuvi za shehia zioneshwe picha hizo kabla ya mpaka wowote mpya kuchorwa kwenye ramani.

Wako,
Msomaji, Wete, Pemba