Mwanafunzi wa tiba naye aonje mpira wa puani, ila kwa hiari

Mhariri,

Wapo wanaotaka kila mwanafunzi wa udaktari na uuguzi aonje kwanza kero atakayompa mgonjwa, na wapo wanaoona huo ni ukatili. Sisi tunaofundisha kwa vitendo tunasema aonje, lakini si kila kitu, na asilazimishwe.

Chukua mpira wa kulishia, ule unaopita puani kwenda tumboni. Kwa mwanasesere wa mafunzo kazi ni nyepesi: unapima kutoka ncha ya pua hadi ndewe ya sikio, kisha hadi ncha ya chini ya mfupa wa kidari, unaweka alama, unapaka jeli, unasukuma. Mwanasesere hatoi machozi. Kwa hiyo mwanafunzi huzoea kuelekeza mpira juu, akifuata umbo la pua la nje, ilhali njia ya ndani imelala, inakwenda nyuma moja kwa moja kuelekea usawa wa sikio. Mpira ukielekezwa juu hugonga vinyama vya ndani, damu hutoka, na mgonjwa hurudisha kichwa nyuma kwa maumivu. Kichwa kikiwa nyuma, njia ya hewa hufunguka na mpira hupata upenyo wa kwenda mapafuni.

Aliyepitishiwa mpira huo mara moja tu huelewa kwa nini pale kwenye kona, pua inapokutana na koo, mtu anahitaji kuachwa apumue kwanza. Huelewa kwa nini kidevu kishushwe kifuani, maji yanywewe funda dogo dogo, na mpira usukumwe wakati wa kumeza tu. Huelewa pia thamani ya jeli ya ganzi, lignokeini ya asilimia 2, inayopakwa puani dakika tano hivi kabla ya kuanza. Wodi ikijaa, dakika hizo tano ndizo za kwanza kurukwa.

Kwa kujifunza kero, mpira ukifika nyuma ya koo inatosha. Hatari ya mapafu iko mbele ya hapo. Mkufunzi awepo, na asijaribiwe mtu anayetokwa damu puani mara kwa mara, aliyefanyiwa upasuaji wa pua, au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda. Mpira wa mkojo tunaukataa kabisa, kwani huweza kuchubua njia na kuingiza maambukizi kwa mtu mzima wa afya. Vipimo vya ukeni na vya njia ya haja kubwa navyo visiguswe, kwa sababu ya faragha.

Yako mafunzo mepesi yasiyo na hatari, na yanafundisha sana. Mwanafunzi alale chali kwa robo saa juu ya chombo cha kujisaidia, akiwa na nguo zake, nyuma ya pazia lisilofunga vizuri. Atajua kwamba chuma ni baridi na kinastahili kusuuzwa kwa maji ya uvuguvugu, na kwamba mtu aliyelala chali hupata taabu kujikamua mpaka upande wa kichwa uinuliwe.

Kutoana damu nako kunafaa, kwa waliomaliza chanjo ya homa ya ini B. Mkanda unaokaza mkono usizidi dakika moja. Spiriti iachwe sekunde 30 ikauke, maana sindano ikipita kwenye spiriti mbichi huwasha. Majaribio yasizidi mawili. Na damu hiyo isipimwe chochote. Si haki mtu agundue majibu yake mbele ya darasa.

Kuhusu hiari, tuseme wazi: mwanafunzi hawezi kumkatalia mkufunzi anayemjazia alama. Kwa hiyo majina ya wanaokubali yachukuliwe na mtu asiyesahihisha, na anayekataa asiulizwe sababu.

Bado kuna tofauti kubwa. Mwanafunzi anajua akiinua mkono kila kitu kinasimama. Mgonjwa hana uhakika huo, na hofu yake nyingi inatoka hapo. Tunaomba vyuo vifundishe ishara hiyo ya kuinua mkono iende hadi wodini. Kabla pua haijaguswa, mgonjwa aambiwe kwamba akiinua mkono, mpira utasimama pale pale ulipofika. Na usisukumwe tena hadi aushushe mkono mwenyewe.

Wakufunzi wa uuguzi,
Dodoma