Nyaraka za walowezi wa Marekani zisisomwe kama za leo

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumze na wasomaji wanaofuatilia koo za walowezi wa makoloni ya Uingereza huko Marekani. Kinachoharibu kazi nyingi ni kusoma karatasi ya karne ya 17 kana kwamba iliandikwa jana.

Chukua tarehe. Hadi 1752 mwaka wa kisheria ulianza Machi 25. Kwa hiyo mtoto anaweza kuonekana amebatizwa Aprili 1690 na kuzikwa Februari 1690, na daftari likawa sahihi kabisa: Februari ndiyo iliyokuja baadaye. Makarani wengine waliandika miaka yote miwili, mfano Februari 11, 1731/32, siku aliyozaliwa George Washington. Leo tunaihesabu Februari 22, 1732, kwa sababu kalenda ilirukishwa siku 11. Septemba 2, 1752 ilifuatwa na Septemba 14. Waumini wa Quaker, dhehebu la Kikristo, nao waliita miezi kwa namba, na mwezi wa kwanza wao, kabla ya mabadiliko hayo, ulikuwa Machi. Nakili ulichokiona, herufi kwa herufi, hesabu yako iandike pembeni yake.

Maneno ya undugu yanapotosha zaidi. "Junior" alikuwa tu mdogo kati ya wawili wenye jina moja mjini, pengine mtu na ami yake. Mkubwa akifa, yule yule Junior anaanza kuandikwa Senior. Aliyeitwa mkwe huenda ni mtoto wa kambo. Neno "cousin", ambalo sasa ni binamu, liliweza kumaanisha mpwa. Na mwenye wosia akisema "mke wangu wa sasa", hilo pekee halithibitishi kwamba alikuwa na mke mwingine kabla.

Sensa haisaidii sana. Ya kwanza ni ya 1790, tena inataja mkuu wa kaya tu. Watu huru wote walianza kuandikwa majina mwaka 1850. Kinachoziba pengo hilo ni wosia na hati za ardhi. Mke asiyetajwa kwingine hujitokeza kwenye hati ya mauzo, akiachia haki yake ya ujane, yaani sehemu ya shamba ambayo angeipata mumewe akifa. Virginia ina pengo kubwa: baadhi ya kaunti zilipeleka madaftari yao Richmond, mji mkuu wa jimbo hilo, yahifadhiwe, yakateketea humo Aprili 1865. Hapo pekua kaunti jirani, na hati za ardhi zilizotolewa na serikali ya koloni, ambazo zimesalia.

Ombi langu ni kwa wanaochapisha wosia na orodha za mali za marehemu. Watumwa wametajwa humo kwa jina moja, thamani ya pesa mbele yake, katikati ya ng'ombe na vitanda. Wengi huiruka mistari hiyo kwa kuwa si ukoo wao. Inakilini yote, pamoja na jina la mrithi aliyekabidhiwa kila mmoja. Kwa wajukuu wa watu hao, huenda mstari huo ndio pekee uliobaki.

Mfuatiliaji wa nyaraka