Kisanduku cha vifaa vya mashua ya mashindano: cha kwenda nacho Naivasha na cha kubaki Nairobi

Tangu Bwawa la Nairobi lizibwe na magugu maji, mwenye mashua ndogo ya tanga ya mashindano hapa jijini hufunga trela na kuelekea Ziwa Naivasha, mwendo wa kilomita 90 hivi. Pini ya senti chache ikipotea huko, wikendi nzima imepotea nayo. Wateja wengi hutuuliza wanunue seti gani ya spana. Sisi huwauliza kwanza: mashua yako huharibikia wapi? Seti kubwa ya fundi wa magari imejaa vipande ambavyo mashua haitavigusa kamwe, na inakosa vile vichache inavyovihitaji kila mwezi.

Mfano wetu ni Laser, ambayo tangu 2019 inajulikana pia kama ILCA: mashua ya mtu mmoja, urefu mita 4.2, bodi ya fibaglasi ya kilo 59 hivi. Ukiwa na mashua nyingine ya fibaglasi yenye mlingoti wa alumini, karibu yote haya yanakuhusu.

Kisanduku cha ufukweni

Hiki kiwe chepesi na kisichoingiza maji. Weka spana ya 8 na ya 10, maana nati za M5 na M6 ndizo nyingi kwenye mashua hizi. Ongeza bisibisi ya nyota na ya bapa, plaiya ya mdomo mrefu, kisu kikali na kiberiti cha gesi cha kuyeyusha ncha za kamba zisifumuke. Weka pingu mbili za chuma cha pua (vishikizo vya kuunganishia kamba na tanga) zenye pini ya milimita 5, vizibo viwili vya tundu la maji la nyuma pamoja na mipira yake, nati za kujifunga zenye pete ya nailoni, na mkanda wa umeme. Kwa tanga, beba kipande cha kiraka chenye gundi, sindano nene na uzi wa poliesta uliopakwa nta. Kiraka hushika tu kwenye kitambaa kilichooshwa kwa maji safi na kukauka kabisa, na pembe zake zikatwe mviringo ili zisibanduke.

Kamba ndiyo wengi wanakosea. Ile ya buluu inayouzwa kwa kilo kwenye hadiwea ni polipropilini. Inaelea, ni rahisi, lakini jua letu huila hadi ikaanza kutoa unga mkononi, na fundo lake huteleza. Nailoni nayo inavutika, kwa hiyo ukikaza tanga linalegea tena upepo ukizidi. Tafuta poliesta iliyosukwa, au yenye kiini cha Dyneema (nyuzi imara zisizovutika) kwa kamba za kukazia: mita 10 za milimita 4 na mita 5 za kamba ya mpira ya milimita 5 zinatosha kwa dharura nyingi.

Kisanduku cha karakana

Hapa ndipo panapohitaji fedha na uangalifu. Tuanze na boliti. Chuma cha pua kina daraja, na sumaku haitakusaidia kulitambua, kwa kuwa madaraja mawili ya kawaida, A2 na A4, yote hayavutwi sana. Soma kichwa cha boliti: kimeandikwa A2-70 au A4-80. Kwa maji ya Naivasha yasiyo na chumvi A2 inavumilia. Mashua ikishuka Mombasa, A2 huanza kutoa madoa ya kutu kwenye shingo ya boliti, ndani kabisa mahali usipopaona. Nunua A4 tangu mwanzo.

Baada ya hapo, riveti. Vifaa vingi vya mlingoti na vya bumu (ule mti wa chini wa tanga) hushikwa na riveti za milimita 4.8. Riveti ya alumini ni laini mno kwa kazi hiyo. Ya chuma cha pua ina nguvu, lakini chuma cha pua kikigusana na alumini penye unyevu, alumini ndiyo inayoliwa. Utaona unga mweupe ukizunguka kichwa cha riveti, kisha tundu linapanuka na riveti inaanza kucheza. Dawa ni kuipaka riveti dawa ya kutenganisha metali kama Tef-Gel au Duralac kabla ya kuiingiza. Riveti za moneli (mchanganyiko wa nikeli na shaba) ni bora zaidi ukizipata.

Kubadilisha moja: toboa kichwa cha zamani kwa keekee ya milimita 5, taratibu, ukisimama mara tu kichwa kinapoanza kuzunguka. Sukuma kiini (msumari wa katikati ya riveti) kwa pini ya chuma, kisha inamisha mlingoti kitoke, la sivyo kitagonga ndani siku zote. Urefu wa riveti mpya uwe unene wa vitu vinavyounganishwa ukiongeza milimita 7 hivi. Kwa chuma cha pua usitegemee bunduki ndogo ya mkono mmoja. Bunduki yenye mikono miwili mirefu ndiyo inayovunja kiini sawasawa.

Pamoja na hayo weka msasa wa 80, 240, 400, 800 na 1200, resini, kitambaa cha fibaglasi, jelkoti nyeupe (tabaka la nje linalong'aa la fibaglasi), asetoni, mizani ya gramu, sindano za plastiki za kupimia, glovu, miwani na barakoa ya mvuke wa kemikali. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke wa resini.

Mahali pa kukagua kwanza

Ni tundu linalosimamisha mlingoti. Mchanga ukiingia humo, mlingoti unausaga kila unapogeuka na chini panalika. Siku moja mlingoti unapasua sitaha. Jaza tundu hilo maji hadi juu, weka alama kwa penseli, kisha ngoja nusu saa. Maji yakishuka, pana ufa na mashua isiende majini. Kama hayashuki, yaondoe, pangusa mchanga wote, na uwe na mazoea ya kuosha sehemu ya chini ya mlingoti kila unapousimamisha.

Kwa uvujaji mwingine, paka maji ya sabuni kwenye maungio yote, kisha puliza kwa mdomo kupitia tundu la nyuma. Povu litakuonyesha ulipo ufa. Usitumie kompresa hata kwa sekunde moja: inaweza kutenganisha sitaha na bodi.

Jelkoti na baridi ya Julai

Jelkoti ya kawaida haikauki vizuri chini ya nyuzi 15, na usiku wa Julai Nairobi hushuka chini ya hapo. Fanya kazi saa tano asubuhi, kukiwa na jua, ndani ya banda. Kwaruza kingo za jeraha kwa msasa wa 80, safisha kwa asetoni, acha ikauke. Changanya gramu 50 za jelkoti na mililita 1 ya kigumishi. Ukipunguza chini ya nusu ya hapo haitakauka kamwe. Ukizidisha itapasuka baadaye. Kigumishi hicho kinaharibu jicho, kwa hiyo miwani ni lazima, na kamwe usikichanganye na asetoni wala na kichapuzi cha resini. Funika kiraka kwa karatasi laini ya plastiki, kwa kuwa hewa huzuia uso kukauka. Siku inayofuata pitisha msasa wa maji kutoka 240 hadi 1200. Kama jeraha liliwahi kujazwa epoksi, jelkoti ya poliesta itabanduka juu yake. Hapo tumia rangi inayopatana na epoksi.

Ukisafirisha kutoka Mombasa

Fungua kizibo cha nyuma kabla ya kuondoka. Hewa ya Nairobi, mita 1,700 hivi juu ya bahari, ina mgandamizo pungufu kwa karibu moja ya tano. Bodi iliyofungwa pwani hufika ikiwa imevimba, na maungio ndiyo yanayolegea. Baadhi ya mashua zina kitundu kidogo cha kupumulia, lakini rangi au uchafu huziba, kwa hiyo usikitegemee. Ukishusha mashua kwenda pwani hali ni kinyume: inabanwa, na ufa mdogo unaweza kuvuta maji.

Ukitaka tukukusanyie kisanduku, tuambie aina ya mashua na mwaka wake, na utume picha ya vichwa vya boliti na ya riveti za mlingoti. Ukileta mlingoti tuurekebishe, leta na kifaa kinachofungwa hapo, kwa sababu urefu wa riveti hatuwezi kuupima bila hicho.