Mabadiliko ya kikao cha Jumamosi

Habari za jioni wapendwa,

Jumamosi tunaanza saa 4 asubuhi, si saa 3, Maktaba Kuu ya Taifa pale Bibi Titi. Foleni mnaijua, tokeni mapema. Wa Mbagala hasa!

Kisa ni cha Iwao Hakamada wa Japani: alihukumiwa kifo 1968 kwa mauaji, akatoka gerezani 2014, akafutiwa hatia Septemba 2024 akiwa na miaka 88.

1. Kundi A: nguo zenye damu zilizokutwa kwenye tangi la miso (soya iliyochachushwa) zaidi ya mwaka baada ya mauaji. Damu ingebakije nyekundu humo? Mahakama ilisema ushahidi huo ulitengenezwa. Kesi yote iko hapa, msilipue.
2. Kundi B: dada yake Hideko, aliyempigania miaka yote hiyo.

Slaidi zisizidi 10.

Mchango ni 3,000 ya kopi na maji, apewe mweka hazina kabla ya Alhamisi saa 2 usiku. Tafadhali andika "nipo" au "sipo" leo hii. Dole gumba silihesabu.