Barua ya wazi kwa Waziri wa TAMISEMI: Barakoa ya bure hairejeshi mkopo

Mheshimiwa Waziri wa Nchi,
Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (TAMISEMI),
Dodoma.

YAH: RUZUKU KWA VIKUNDI VYA JAMII VINAVYOBADILI SHUGHULI WAKATI WA MLIPUKO WA UGONJWA

Mheshimiwa Waziri,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama kumi na wanne washonaji wa Makorora, Jiji la Tanga. Barua hii nimeiandika wazi badala ya kuipitisha masjala kwa kuwa jambo lenyewe si la kikundi kimoja wala la jiji moja, na kanuni ninazoomba zitazamwe upya ziko chini ya wizara yako.

Mwanzoni mwa 2020 tulikuwa tumechukua mkopo wa shilingi 3,000,000 kwa andiko la mradi wa kushona sare za shule, na sehemu kubwa ya fedha hizo ilikwisha kugeuka majora ya tetroni ya bluu na nyeupe, vifungo na uzi. Tarehe 16 Machi Serikali ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini, na kesho yake shule zikaanza kufungwa. Mzazi ambaye mtoto wake yuko nyumbani hanunui sare. Majora yakabaki kabatini, tarehe ya marejesho ikabaki palepale, na haukupita muda mwenyekiti wa mtaa akaja na mfuko wa kanga kuukuu kutuuliza kama tungeweza kuwashonea barakoa wazee na wauza samaki, kwa sababu zile za dukani zilikuwa zimepanda bei hadi mtu anaona afadhali ajifunge leso.

Tulishona. Za kwanza tulizishona kwa tetroni yetu wenyewe, tukajuta, maana kitambaa kile kinabana pumzi, na mzee mmoja alikuwa akiishusha hadi kidevuni kila anapotaka kusema, kisha anaisahau hukohuko. Ikabidi tumrudishie mfanyabiashara wa Ngamiani majora manne ya tetroni atupe pamba kwa hasara, ili tupate barakoa za tabaka mbili zinazofulika. Lastiki ilipokwisha madukani tulikata mikanda kwenye fulana za mitumba. Baadaye tukaingia kwenye ndoo za kunawia: ndoo ya lita 20 tuliitoboa kwa nondo iliyopashwa moto kwenye jiko la mkaa, tukafunga koki, na washa za kuzuia maji yasivuje tukazikata kwenye tyubu kuukuu za baiskeli, mali ambayo Tanga haijawahi kupungukiwa. Daftari letu linaonyesha barakoa 1,140, kati ya hizo 610 tulizitoa bure, na ndoo 38, ambazo karibu nusu yake ziliwekwa kwenye milango ya nyumba za ibada na vijiwe vya bodaboda bila mtu kutulipa chochote.

Shule zilipofunguliwa tarehe 29 Juni, wateja walirudi na kabati halikuwa na tetroni ya kutosha. Tukaitwa kujieleza kwa makosa mawili: kuchelewesha marejesho na kubadili matumizi ya fedha. Waliotukopesha siwataji, kwa sababu ofisa aliyetuhoji alisoma kilichoandikwa kwenye mkataba, na mkataba ulimpa haki. Alituuliza kwa upole kabisa kama barakoa zilikuwamo kwenye andiko la mradi. Hazikuwamo. Tulimaliza deni mwaka 2022, baada ya kuuza cherehani yetu ya overloki, na hadi leo kazi za kuzungushia kingo tunazipeleka kwa fundi mwingine kwa malipo.

Mheshimiwa Waziri, sisemi kwamba mikopo haifai. Kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura 290, kilichoongezwa mwaka 2018, kinazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, yaani asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, na nawafahamu wanawake wa Tanga waliosimama kwa miguu yao kutokana na fedha hizo. Ninachosema ni kwamba mkopo, hata usio na riba, umejengwa juu ya dhana moja: kwamba kile utakachokitengeneza utakiuza. Wakati wa mlipuko wa ugonjwa, kitu chenye manufaa makubwa kuliko vyote ni kile kinachomfikia asiyeweza kukinunua. Kikundi kinachofanya kazi hiyo kwa fedha ya mkopo kinailipia jamii nzima kutoka mifukoni mwa wanachama wake, kisha kinaandikwa kwenye orodha ya wadaiwa sugu.

Wala si kila kikundi kilihitaji ruzuku. Wapo akina mama waliokuwa wakichuuza machungwa ya Muheza hadi Kenya. Kenya ilipofunga mpaka wake na Tanzania tarehe 16 Mei 2020, ikaruhusu magari ya mizigo tu, tena kwa masharti ya kupimwa madereva, mchuuzi wa kuvuka Horohoro na matenga yake akabaki upande wetu. Huyo hakubadili shughuli wala hakumpa mtu kitu cha bure. Alihitaji kusogezewa tarehe ya marejesho, basi, na kumpa ruzuku kungekuwa kumbebesha zawadi asiyoiomba. Naomba tofauti hii izingatiwe, kwa sababu nimewahi kuona katika mikutano yetu kila mwenye shida akidai dawa ileile.

Najua pia kwamba fedha zilikuja. Mwaka 2021 Serikali ilipata kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa mkopo wa takribani shilingi trilioni 1.3, na katika hizo yakajengwa madarasa 15,000, yakiwamo 12,000 ya sekondari, ambayo watu wa mitaani wanayaita hadi leo madarasa ya UVIKO. Mjukuu wangu anasoma katika mojawapo, na sina ninalolilalamikia. Lakini jengo lina mkandarasi na hati ya malipo. Mama aliyetoboa ndoo hana. Kuhusu mafunzo tulipata ya kutosha, maana baadhi ya waliokuja kutufundisha kunawa mikono walilitimiza neno la "waja leo waondoka leo" kwa maana yake halisi, wakatuachia kofia na fulana. Fulana, nikiri, zilitufaa kwa mikanda.

Hofu ya ofisi yoyote ni kwamba ruzuku italiwa. Hofu hiyo ina msingi: mikopo ya asilimia 10 ilisitishwa mwaka 2023 baada ya kuonekana mikopo isiyorejeshwa na vikundi hewa, ikarejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Sisi tulio mitaani tunavijua vikundi hewa kuliko mkaguzi, kwa kuwa wanachama wake huwa tunakutana nao msibani, na wenyewe hawafahamiani. Kwa sababu hiyohiyo siombi fedha taslimu zitolewe mapema. Naomba kikundi kilichosajiliwa na kinachorejesha vizuri kiruhusiwe, pale Wizara ya Afya inapotangaza mlipuko, kupeleka kwa ofisa maendeleo ya jamii wa kata barua ya ukurasa mmoja ya kubadili mradi, nayo ijibiwe ndani ya siku saba. Barua hiyo ikikubaliwa, ihesabike kuwa sehemu ya mkataba. Malighafi ya vitu vya kugawa bure itolewe kama vitu, yaani kitambaa, ndoo, koki na sabuni, na ujira wa ushonaji ulipwe baada ya mtendaji wa mtaa na wapokeaji kutia saini kwamba wamepokea. Fedha za kugharimia jambo hili zitengwe mapema katika bajeti ya halmashauri, nje ya ile asilimia 10, ili ruzuku ya mmoja isimnyang'anye mwingine mkopo wake.

Huenda ikaonekana nimechelewa, kwamba korona imepita na watu wamesahau. Mimi naona huu ndio wakati wa kuandika kanuni, kabla hatujaanza tena kukimbizana. Virusi vya Marburg vilithibitishwa Kagera mwezi Machi 2023, vikathibitishwa tena mkoani humohumo Januari 2025, na kipindupindu sisi wa pwani hatuhitaji kuhadithiwa. Akina mama wa Kagera nao wana vikundi, wana mikopo, na bila shaka wana andiko la mradi lisilotaja ndoo.

Daftari letu la 2020 lina kurasa kumi na moja zenye majina na saini za waliopokea, pamoja na alama za dole gumba za wasiojua kuandika. Nimelifunga katika nailoni kwa sababu ya mchwa. Tuko tayari kulileta Dodoma, au kumpokea ofisa yeyote utakayemtuma. Kazini tunakaa kuanzia saa mbili asubuhi hadi adhuhuri, isipokuwa Ijumaa.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Katibu,
Kikundi cha akina mama washonaji,
Makorora, Tanga.