Profesa wa reli anataka kuja kwa Bibi

Chumbageni, Tanga

Somo yangu,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Huku hatujambo, mvua imekata na machungwa ya Muheza yamejaa sokoni. Bibi hajambo? Nijibu hilo kwanza, maana barua hii inamhusu yeye kuliko wewe.

Unamkumbuka yule mzee niliyekwambia kahamia nyumba ya pili, profesa mstaafu aliyekuwa akifundisha uhandisi Mlimani? Tulidhani atafuga kuku kama wastaafu wenzake. Kumbe anaandika historia ya reli yetu, hii ya kutoka hapa kwenda Moshi. Anaandika kwa kalamu, mimi namchapia, na kila nikichapa tunabishana.

Shuleni tuliambiwa Wajerumani walijenga reli wasombe mazao, basi, tukageuza ukurasa. Yeye anaanza na hesabu. Ujenzi ulianza hapa Tanga 1893, wakafika Muheza 1896. Kilomita 40 kwa miaka mitatu! Wenzao Waingereza walianza Mombasa mwaka huohuo wa 1896, na 1901 reli ikawa imefika Kisumu, zaidi ya kilomita 900. "Wewe umeona mlima gani kati ya hapa na Muheza?" akaniuliza. Sijauona. Kilichokwama ni fedha: kampuni iliishiwa, serikali yao ikaichukua reli 1899, ndipo ikasogea Korogwe 1902, kwenu Mombo 1905, na Moshi 1911.

Na nyuki wetu je? Kila mtoto wa Tanga anajua kwamba Novemba 1914, Waingereza walipokuja kuuteka mji kwenye Vita Kuu ya Kwanza, nyuki ndio waliowakimbiza. Profesa hawakatai nyuki, ila amewapa aya moja tu. Sura nzima ni treni. Waingereza walikuja na watu wapatao 8,000, wengi wao kutoka India. Wajerumani walikuwa kama 1,000. Meli zikapoteza muda kudai mji usalimu amri na kuhofia mabomu baharini, na huku nyuma treni zinateremka kutoka Moshi zimejaa askari. Kwa maelezo yake, vita ile iliamuliwa na ratiba ya treni. Nimemwambia watu wa Tanga hawatamsamehe.

Siku moja nilifuatana naye relini, upande wa Muheza. Alichuchumaa juani kwenye kokoto, akatoa chaki mfukoni, akaipitisha ubavuni mwa chuma. Herufi zilizokuwa zimemezwa na kutu zikajitokeza, jina la kiwanda na mwaka. Akafurahi kama mtu aliyepokea barua. Kisha akanieleza kuhusu kitawi cha Sigi, kile cha kilomita 23 kutoka Tengeni kilichokuwa kikishusha mbao za Amani: reli nyembamba, upana sentimita 75, na mlima mkali mno usioruhusu kupinda. Basi treni ilipanda mbele, ikasimama, ikabadilishiwa njia, ikapanda tena kinyumenyume. Mpaka leo nikiwaza abiria wa siku hizo nacheka peke yangu.

Sasa ugomvi wetu. Huo mchezo wa Sigi, kupanda na kurudi nyuma, kaupa kurasa nne. Waliobeba mataruma na kuchimba matuta wameandikwa "vibarua wa kienyeji", wakaachwa hapo. Na ile amri ya 1907 ya huko kwenu, Lushoto ilipokuwa bado inaitwa Wilhelmstal, kwamba mwanamume afanye kazi siku 30 katika kila miezi minne na zihesabiwe kwenye kipande, yaani kadi yake ya kazi, ina mistari miwili! Nikamuuliza, Profesa, hii ni haki? Akanijibu kwamba Sigi kaipima mwenyewe kwa futi, lakini kipande hajakishika wala hajamsikia aliyekishika.

Nikamwambia mwenye habari za kipande yupo Mombo, na akili zake timamu.

Unakumbuka Bibi alivyokuwa akitusimulia? Baba yake alivyojificha darini, chini ya mahindi, akida wa serikali ya Wajerumani akipita chini na karatasi zake. Na mama mtu akipiga kikohozi makusudi ili mume asisikike akipumua. Sisi tulikuwa tukisubiri hadithi iishe tukacheze. Sasa nataka iandikwe, na iandikwe kwa jina la baba yake Bibi, kama mwenyewe ataridhia, si "kibarua wa kienyeji".

Basi muulize. Akikubali, Profesa atapanda basi Jumamosi ya wiki ijayo. Nimempa masharti: Bibi azungumze Kisambaa akitaka na wewe utafsiri, na kabla ya kuchapa chochote arudi amsomee. Ana tabia ya kumkatiza mtu ili aulize tarehe. Bibi amkemee tu, amezoea kukemewa na mimi. Chai anywe bila sukari, daktari kamkataza, ingawa yeye atakwambia vingine.

Na usimkalishe kwenye dirisha linaloona reli, hatasikia neno.

Wasalimie watoto, na shemeji.

Ni mimi somo wako